Sanduku Lisilo na Harufu

Ukiingia katika nyumba za zamani za Kibabii, zile zilizojengwa kwa matofali mekundu kabla ya uhuru, utaona meza fupi. Nyingine ni za msaji, nyingine za mwerezi, na moja moja ina miguu iliyochongwa kama kucha za simba, kwa sababu ilitoka katika nyumba ya mzungu fulani aliyefilisika. Chai huwekwa juu yake. Biblia huwekwa juu yake. Watoto huiegemea wakifanya hesabu. Lakini hutaona sanduku. Katika chumba cha kulala, pale ukutani ambapo nyumba nyingine za umri ule huwa na sanduku kubwa la nguo, hapa pana mkeka uliokunjwa, au baiskeli mbovu, au hapana kitu. Nguo hutundikwa kwenye kamba. Ukiuliza, wazee hukwambia hawapendi masanduku, kisha hukumiminia chai. Vijana hawajui kama kuna jambo la kuuliza.

Masanduku yalikuwepo. Aliyeyachagua, karibu yote, ni mwanamke mmoja kutoka Kitale aliyeitwa Waruguru.

Alikuwa mgeni kila mahali. Yeye na mumewe, Ngari, walitoka upande wa Nyeri mwaka ambao reli ilikuwa imefika Kitale juzijuzi tu, wakapewa kipande cha kulima kwenye shamba la mzungu, kwa sharti kwamba mume aendeshe magari ya maksai na mke afue nguo. Alikuwa mrefu, mwembamba, na pua yake ilikuwa imepinda kidogo upande mmoja kwa sababu alipigwa teke na ndama alipokuwa mdogo. Wazungu walimwazima wao kwa wao, leo nyumba hii, kesho ile, na kila nyumba alipomaliza kupiga pasi alitumwa chumbani kuweka shuka ndani ya sanduku. Kwa hiyo alifungua masanduku mengi kuliko watu wenye kuyamiliki, na kila mara alipoinua kifuniko, kitu kilimpuliza usoni. Kulikuwa na masanduku ya kafuri yaliyowasha macho. Kulikuwa na lililotoka vitani likiwa na jasho la askari ndani ya mbao zake, na harufu hiyo haikuondoka kwa jua wala kwa sabuni. Akajifunza kutambua mkojo wa panya hata ukiwa wa miaka iliyopita, na unyevu ambao mkono hauwezi kuuhisi, na nyumba ambamo mtu aliugua muda mrefu.

Miaka ya nzige ilipokwisha na bei ya mahindi ikaanguka, wazungu wengi walianza kuuza vitu vyao. Minada ilifanywa kwenye nyasi karibu na stesheni. Wazungu wenzao walinunua kwanza, halafu Wahindi wenye maduka, na Waafrika walisimama nyuma ya kamba wakingoja kilichokataliwa. Hapo nyuma ya kamba ndipo jina la Waruguru lilipokulia. Walimu na makarani kutoka Bungoma, watu wa misheni waliokuwa wamejenga nyumba za kwanza zenye pembe nne na hawajui waweke nini ndani yake, walikuja kumtafuta awachagulie. Walikuwa na sababu ya kumtaka mgeni. Mtu wa ukoo wako akikuchagulia sanduku, kesho yake kila mtu anajua ndani ya chumba chako kuna nini, na nani amekuzidi, na wewe umemzidi nani. Mkikuyu wa Kitale angechagua, angelipwa kwa kuku au kwa kitambaa, na angekwenda zake.

Meza alizijua kwa magoti. Alipiga magoti kando yake, akaweka viganja viwili juu, akaegemea taratibu kwa uzito wake wote, kichwa kimeinama, akisikiliza. Kisha aliipindua. "Hapa juu walipaka mafuta kwa ajili yenu," aliwaambia. "Hapa chini hawakujua kama kuna mtu ataangalia." Alitafuta matundu ya wadudu, akatafuta mguu uliobadilishwa, akamwagia tone la maji kwenye maungio aone kama linanyonywa. Lakini sanduku alilijua kwa pua peke yake. Aliinua kifuniko, akaingiza kichwa, akafumba macho. Watu wakamwita Mama Pua, naye hakuchukia.

"Wenzangu wameoa wanawake," Ngari alizoea kusema, akifunga mizigo kwenye gari lake. "Mimi nimeoa pua. Nikipita kwa rafiki nikanywa kikombe kimoja, nikifika nyumbani anajua ni kwa nani."

Edah alikuja kwenye mnada mwaka 1938, kabla ya mvua za masika. Alikuwa mke wa Wabwile, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Kibabii, mwanamke wa kucheka upesi, na alitaka kitu kimoja.

"Mama Pua, mimi nataka sanduku ya shuka. Yenye misumari ya shaba, kama ile ulimpatia bibi ya karani."

Lililokuwepo la shaba lilikuwa limekataliwa na Wahindi. Waruguru aliingiza kichwa, akatoa mara moja. "Hapana. Ndani ya mbao kuna mikojo ya panya. Utalala na panya mpaka uzee."

"Na panya wa mzungu hajui Kibukusu," Ngari akasema. "Mtagombana kila usiku."

Edah alicheka hadi akashika mbavu. Mumewe hakucheka. "Panya tunao wa kutosha," alisema Mwalimu Wabwile. "Wanatumalizia unga. Wanatoboa kila kikapu."

Ndipo Waruguru alipoliona lile jingine, chini ya turubai, kati ya majembe na mitungi ya maziwa iliyotoboka. Lilikuwa fupi na pana, mbao nene za ng'ambo, pembe zimefungwa kwa vyuma, halikupakwa rangi. Lilitoka shamba moja la upande wa Endebess la mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Masharubu; alikuwa amefilisika na kurudi kwao. Waruguru alilivuta, akalifungua, akaingiza kichwa. Akakaa humo muda mrefu. Alitoa kichwa, akapumua hewa ya nje, akaingiza tena.

"Vipi?" Edah aliuliza.

"Hakuna kitu."

"Mbaya?"

"Nasema hakuna kitu. Hakuna harufu. Sijawahi kuona." Alipitisha kidole kwenye pembe zote. Hapakuwa na utando wa buibui, wala mayai ya mende, wala alama ya jino la panya. Kwenye maungio ya chini kulikuwa na vumbi jeupe, laini, limejaa katika nyufa. Alilionyesha kwa kidole, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta siku zote. "Unaona? Unga. Hii ilikuwa ya jikoni, ya kuweka unga. Miaka yote hiyo, na hata sisimizi hajaingia. Edah, wachana na shuka. Shuka utatundika. Chukua hii uweke unga, halafu mvua inyeshe vile inataka."

Edah alilitazama lile la shaba mara moja tena. Mumewe alikuwa ameshakubali.

Ngari alilipeleka Kibabii kwa gari la maksai, likalala njiani juu ya magunia, na maksai wake hawakudhurika kwa lolote.

Nyumbani kwa Wabwile aliishi pia Nasambu, shangazi yake, dada ya baba yake. Aliolewa zamani upande wa Tongaren, akazaa watoto ambao hawakuishi, akafiwa na mume, na ukoo wa mume ukamrudisha. Ndugu yake, mzee Wekoye, baba yake Wabwile, alimjengea kibanda kando ya boma. Nasambu alikuwa ndiye msagaji wa nyumba ile. Alisaga wimbi kwa jiwe, asubuhi, akiimba kwa sauti ya chini, na hakuna aliyesaga laini kama yeye. Siku alipoambiwa amimine unga ndani ya sanduku, alisimama mlangoni na ungo wake.

"Unga unataka kikapu," alisema. "Unataka kupumua. Mkifungia chakula ndani ya sanduku kama maiti, hiyo chakula itawaletea taabu."

"Senge, ni ya wazungu hii," Edah alisema, akimwita shangazi kwa Kibukusu. "Wao huweka hivyo."

"Basi wazungu na wale humo. Mimi yangu naweka kwa kikapu yangu."

Waliokuwa wakipita njiani walisikia. Edah aliona amedharauliwa mbele ya watu, akamjibu vibaya, na shangazi akamimina unga akatoka. Tangu siku hiyo Nasambu alipika chungu chake mwenyewe, kutoka katika kikapu chake mwenyewe.

Sanduku lilijaa, na wiki za kwanza walikula unga wa juu. Panya hawakuingia. Edah alimsifu Mama Pua kwa kila mgeni, na wake za walimu wengine wakatuma habari Kitale kwamba nao watafutiwe. Mvua ilinyesha mfululizo, kusaga kukapungua, unga ukashuka, na sasa Edah alikuwa akikwangua chini kwa kibuyu. Mzee Wekoye ndiye aliyeanza. Alitapika jioni, akasema midomo yake inaungua, na kabla ya siku mbili kupita alikuwa amekufa. Walisema ni uzee. Kisha Lenah, binti wa Edah, mtoto wa miaka mitano aliyekuwa akijifunza kuandika jina lake kwa kijiti kwenye vumbi, alishikwa na tumbo hilo hilo. Edah mwenyewe alikuwa amelala akitapika na hakuweza kumbeba. Mtoto alikufa akiwa mikononi mwa baba yake, na baba yake alikuwa mzima kwa kuwa mchana alikula shuleni.

Watu wakahesabu kwa njia yao. Kila anayeshinda katika boma lile ameugua isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye anayesaga. Nani alisema chakula hiki kitaleta taabu? Nani hakula unga aliousaga mwenyewe? Bramwel, mdogo wake Wabwile, alisema kwa sauti jambo ambalo wengine walilinong'ona: Nasambu alikula watoto wake, akala mume, sasa amerudi kula kwao. Ukoo ulitaka kumfukuza siku ya kunyoa nywele za matanga. Waliochelewesha jambo hilo ni wazee wa kanisa, waliokataa mambo ya waganga, wakabishana na wazee wa ukoo hadi siku nyingine ikapangwa. Mwalimu Wabwile alikuwa amewafundisha watu wale kwamba uchawi ni giza la zamani. Walipomuuliza anasemaje kuhusu shangazi yake, alitazama chini, akasema ana huzuni na wasimuulize.

Ngari alizipata habari hizi alipopeleka meza kwa karani mmoja wa Bungoma mjini. Alirudi Kitale, akafungua maksai, akaingia ndani. Waruguru alikuwa akipuliza makaa ya pasi.

"Yule Edah amefiwa na mtoto. Na mzee pia."

"Uuu! Na nini?"

"Tumbo. Wanasema ni shangazi, yule anasaga, yule hana mtoto. Alitia kitu kwa unga. Watamfukuza."

Waruguru aliweka pasi chini. "Unga ilikuwa wapi?"

"Wapi tena? Si uliwaambia waweke humo."

Asubuhi Waruguru alikwenda Endebess kwa miguu. Shamba la Masharubu lilikuwa na mwenyewe mwingine, lakini mtunza ng'ombe alikuwa yule yule, Kipketer, mtu mzima mwenye masikio yaliyotobolewa, na alimkuta akiosha mitungi kwenye zizi la kukamulia. Alimweleza sanduku lilivyo. Kipketer alicheka.

"Ya jikoni? Nani amekuambia jikoni? Hiyo ilikaa stoo siku zote, mama. Wakati ya nzige tulikuwa tunachanganya dawa humo. Pumba, molasi, na ile dawa nyeupe. Tunamwaga mashambani, nzige anakula, anakufa. Bwana alituambia tukilamba kidole tutakufa pia. Ng'ombe mbili walilamba, wakalala hapo, unaona hapo? Hapo."

"Mliosha?"

"Tuoshe ya nini? Nzige waliisha, tukafunga."

"Na hiyo dawa ina harufu gani?"

Kipketer alifikiri. Alitaka kumsaidia. "Haina," alisema. "Ndiyo ubaya yake."

Waruguru alikaa kwenye ukuta mfupi wa zizi, na ng'ombe wakapita mbele yake mmoja mmoja kuingia kukamuliwa. Maisha yake yote alikuwa akinusa ili ajue ni nini kimeishi ndani ya mbao: panya, askari, mgonjwa, mende. Sanduku lile halikuwa na kitu ndani kwa sababu hakuna kilichoweza kuishi humo. Sisimizi walijua. Panya walijua. Yeye ndiye aliyeona ukimya wa mahali pale akauita usafi, akawaambia watu waweke chakula humo.

Ngari hakutaka aende. Hakuwa mtu mwoga, alikuwa mtu aliyeona mbali. "Sisi ni wageni huko," alisema. "Yule mama ni wao. Watamfukuza, atalia, atapata mahali. Wewe wakijua, watakuua. Au watakuacha na hakuna mtu atakuita tena. Tutakula nini?"

"Atapata mahali kwa nani? Si umesema hana mtoto?"

"Waruguru. Mtoto wa Edah hatarudi ukisema."

"Najua hatarudi," alisema, na akaendelea kufunga nguo zake kwenye leso.

Walifika Kibabii siku ile ile ya kikao, wakati ukoo ulikuwa umeshaketi. Mlango wa kibanda cha Nasambu ulikuwa umeng'olewa na kulazwa kwenye nyasi. Yeye mwenyewe alikaa chini, mbali kidogo na watu, miguu ameinyoosha mbele, furushi lake limefungwa, na juu ya furushi lile jiwe dogo la kusagia. Hakuwa akilia. Alikuwa kama mtu anayengoja gari.

Waruguru alisimama mbele ya wazee akasema yote. Alisema Kiswahili chake cha Kitale, polepole: sanduku lilikuwa la nini, nani alimwambia, nani alilichagua. Hakujitetea. Alipomaliza, Bramwel alikuwa wa kwanza kuinuka.

"Mmesikia? Ati sanduku. Sanduku ilisaga? Sanduku iko na mikono?" Watu wakacheka kicheko kibaya. "Huyu na mchawi ni kitu moja. Mkikuyu ametumwa."

"Leteni kuku," Waruguru alisema. "Mkwangue ule unga umebaki chini, mpeni kuku. Mtaona."

Mzee aliyeongoza kikao, mtu mtulivu mwenye jicho moja jeupe, aliinua mkono. "Mama, ngoja. Kuku akikufa, utakuwa umetuonyesha nini? Hiyo unga ni ya Nasambu. Sisi tunasema Nasambu aliitia kitu. Kuku akikufa, ni vile tulisema."

Waruguru hakuwa amefikiria hilo. Alimtazama Ngari, na Ngari alikuwa akitazama njia ya kutokea. Bramwel akaanza kutabasamu.

"Basi chukueni unga ya Bramwel," Nasambu alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile. Alilisema bila kugeuza kichwa, kama mtu anayeagiza chumvi.

"Nini?"

"Bibi yako amesaga asubuhi, nimesikia jiwe. Yeye hasagi vizuri, lakini amesaga. Ilete. Na kuku pia iwe yako, watu wasiseme nimeipiga jicho."

Mtu mmoja alicheka kweli, na wengine wakasogea mbele. Mke wa Bramwel alitumwa, akaleta unga kwenye sahani ya bati. Sanduku likatolewa nje, unga wa zamani ukakung'utwa kwenye shimo na kufukiwa. Waruguru alipiga magoti, akaazima kisu, akakwangua nyufa za chini pale vumbi jeupe lilipokuwa limeshika. Hakuweka kichwa ndani. Lilitoka vumbi kidogo sana, la kujaza ganda la njugu. Wakalichanganya na unga wa Bramwel, wakampa jogoo wake na tembe mmoja, na kuku wa tatu wakampa unga mtupu, wakawafunga kila mmoja na kigingi chake. Kisha watu wote wale walikaa wakatazama kuku. Wazee walitazama kuku. Mwalimu Wabwile alisimama kwenye mlango wa nyumba yake akatazama. Jogoo alianza kulaza shingo. Ng'ombe walipokuwa wakirudi kutoka malishoni, wale wawili walikuwa wamekufa na wa tatu alikuwa akiparua ardhi akitafuta zaidi.

Hakuna aliyeomba radhi. Mzee wa jicho jeupe aliinuka, akachukua kigoda chake, akasema kikao kimekwisha. Bramwel alisema hao walikuwa kuku wazuri. Vijana wawili waliurudisha mlango wa kibanda, wakaufunga vibaya, ukabaki umeinama hivyo kwa miaka yote iliyofuata.

Edah alitoka wakati watu wakitawanyika. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa na alikuwa amekonda hadi shingo yake ilionekana ndefu. Alimkaribia Waruguru kama mtu anayetaka kumwambia siri.

"Ulinusa mara mbili," alisema. "Mimi nilikuwa hapo. Uliingiza kichwa, ukatoa, ukaingiza tena."

"Ndiyo."

"Na haukusikia kitu."

"Sikusikia kitu."

"Na mimi nilifurahi," Edah alisema, akarudi ndani.

Wabwile alichukua shoka ili alipasue na kulitia moto. Waruguru alimsihi asilichome sanduku, moshi wake pia ungeua, na wakalichimbia shimo refu mbali na kisima. Lakini habari ilikwisha kutoka. Katika kila nyumba aliyowahi kuchagulia, watu walitoa masanduku nje: ya kafuri, ya msaji, lile la askari, yale yenye misumari ya shaba, yote mazima, yasiyo na hatia yoyote. Meza waliziacha, maana meza haina tumbo. Masanduku waliyarundika kando ya barabara wakayatia moto. Gari la Ngari lilipita hapo likirudi Kitale. Waruguru alikuwa amekaa nyuma, mgongo kwa maksai, na kwa umbali mrefu, hata alipokuwa hauoni tena moto, alisikia kafuri, akasikia mwerezi, akalijua kila sanduku lilipofikiwa na moto na jina la mwenye nalo.

Hakuenda tena mnadani. Hakuna aliyemwita. Ngari naye alikosa mizigo ya Bungoma, akarudi kubeba mahindi ya mzungu, na hakumlaumu mkewe ila kwa kuacha kufanya mzaha. Waruguru alifua, akapiga pasi, akakunja, na shuka zilipokuwa tayari aliziweka juu ya kitanda na kumwambia mwenye nyumba afungue sanduku mwenyewe.

Kule Kibabii, Nasambu alibaki kwenye kibanda chake. Ukoo ulikuwa umemsafisha, lakini mtu aliyekwisha kuogopwa haogopwi kidogo kwa sababu amesafishwa. Kusaga kulipewa mwingine. Watoto walikatazwa kukaa mlangoni kwake. Alipompa mgeni uji, mgeni alishika kibuyu, akazungumza muda mrefu, akakiweka chini kikiwa kimejaa.

Ngari alikufa kwa kichomi mwaka 1949. Miaka minne baadaye, wakati wa hali ya hatari, Wakikuyu wa mashamba ya Kitale walikusanywa na kupakiwa kwenye malori kurudishwa walikotoka, hata wale waliokuwa hawana tena mtu huko. Waruguru hakungoja lori. Alitembea, akilala kwenye mashamba ya mahindi, hadi akafika kwenye mlango ulioinama.

Nasambu alikuwa mzee sana na macho yake yalikuwa yameanza kufunga. Alimtambua kwa sauti.

"Ingia," alisema. "Hapa kwangu hakuna mtu hula, kwa hivyo chakula ni mingi."

Askari wa chifu alikuja kuuliza ni nani yule mwanamke mrefu. Mwalimu Wabwile alitoka nje kabla hajafika kibandani, akasimama katikati ya njia, akasema ni mtu wa nyumba yake. Askari alimheshimu, akaondoka. Edah alisikia yote akiwa jikoni. Hakuwahi kuingia katika kibanda kile, wala hakuwahi kumsalimu Waruguru, na kwa kuwa kisima kilikuwa kimoja, wanawake wale wawili walijifunza kukijia kwa zamu bila kupanga.

Wazee wawili walilima kipande cha wimbi karibu na kijito. Mmoja alikuwa haoni. Mwingine aliinamia chungu kikichemka na kugeuza uso pembeni.

"Inanukia?" Nasambu alimuuliza. "Imeiva?"

"Onja wewe," Waruguru alimjibu. "Wewe ndiye unajua."

"Na ikiwa mbaya?"

"Tutakufa wawili, hakuna mtu atalaumiwa."

Nasambu alicheka, akaonja.

Waruguru alikufa mwaka 1957, wakati wa baridi, kwa homa. Ukoo ulikataa azikwe ndani ya boma, kwa kuwa hakuwa mke wala binti wa mtu yeyote pale. Wabwile na vijana wawili wa kanisa walichimba kaburi. Amezikwa kando ya kijito, chini ya mteremko wa Kibabii, kwenye kipande kilichokuwa cha Nasambu. Kimeuzwa mara mbili tangu hapo, na mwenye nacho sasa analima miwa hadi ukingoni mwa maji.